Mashimo ya Utange na Perege Waliokataa Kuzaa

Nyinyi vijana mnaofuga samaki siku hizi mnanijia na simu zenu, mnanionyesha picha ya maji ya kijani, mnaniuliza, "Mzee, maji haya ni mazuri?" Mimi siwezi kuijibu picha. Picha haina harufu. Nawaambia rudini mkachovye kijiti, mkinuse, kisha tuzungumze. Kuna wanaocheka pembeni wakidhani uzee umenipanda kichwani. Basi leo kaeni niwaeleze elimu hiyo niliipata wapi, maana shuleni sikufundishwa, na siku niliyoipata nilikuwa nimekaribia kumpotezea mwanamke mmoja jina lake na nyumba yake.

Nilifanya kazi kwenye mashimo ya samaki ya Utange tangu miaka ya mwisho ya hamsini, na Uhuru ulitukuta palepale. Yalikuwa mashimo matatu, moja kubwa kuliko mengine, yaliyoachwa na wachimba mawe. Watu wale walikata mawe ya kujengea nyumba mpaka wakafika kwenye maji, wakakusanya sululu zao wakahamia kwingine. Maji yenyewe yalikuwa na chumvi kidogo, lakini perege si samaki wa kudeka. Mwenye ardhi alikuwa Bwana Athmani, mtu wa ukoo wa zamani wa Mombasa, mwenye duka la nafaka Kisauni. Aliyatazama yale mashimo miaka mingi yakizaa mbu, hatimaye akasema afadhali yazae kitoweo. Wanunuzi walikuwepo tele, kwa sababu vibarua wa Changamwe walipenda samaki mbichi.

Tulikuwa wafanyakazi watatu. Kulikuwa na Mzee Chengo, mlinzi, mtu mwaminifu aliyeona kila kitu na kuelewa nusu yake. Kulikuwa na mimi, mzaliwa wa kijiji cha Shika Adabu, mwenye darasa la nane, ambalo enzi hizo lilimfanya mtu atembee kifua mbele. Kazi yangu ilikuwa kupima maji na kuandika daftari la mashimo: chakula kiasi gani, samadi kiasi gani, samaki wazazi wangapi. Na kulikuwa na Mama Kache.

Sijui nianzie wapi kumsifu mwanamke yule. Alikuwa Mgiriama, mjane, mfupi, mwenye mikono iliyojaa makovu ya miiba ya samaki. Kabla ya kuja mashimoni alikaanga samaki kando ya barabara Kisauni kwa miaka mingi. Mtu akikaanga samaki hivyo hupasua matumbo mengi sana, na Mama Kache hakupasua ovyo. Alitazama. Alijua samaki jike aliyeshiba mayai anakuwaje, na aliyetaga juzi anakuwaje, na yule ambaye mayai yamemfia tumboni anakuwaje. Hakujua kusoma hata herufi moja. Lakini ukimletea perege akafumba macho akampapasa tumbo kwa kidole gumba, angekwambia mambo ambayo mimi na darasa langu la nane tungeyatafuta mwezi mzima.

Mimi alinibatiza Karani. Aliniita hivyo kwa mzaha, nami kwa ujinga nikadhani ni heshima.

Kwa wasiojua, niwaambie kwanza tabia ya perege, maana hadithi yote imesimama juu ya jambo hilo. Dume huchimba kisahani kwenye mchanga chini ya maji, akakisafisha kwa mdomo wake. Jike akija hutaga pale, kisha huyazoa mayai yake yote na kuyatia kinywani. Naam, kinywani. Huyabeba humo mpaka yaanguliwe, na vifaranga wakishatoka bado huwafungulia mdomo wakimbilie ndani wakitishwa. Kwa muda wa wiki mbili na zaidi mama huyo hali. Taya lake la chini huvimba, mdomo huwa umefungwa, na hata ukimrushia machicha ya nazi puani hayagusi. Mara ya kwanza Mama Kache kunionyesha hayo nilisema, "Mama, huyu samaki anafunga Ramadhani." Alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa sikieni kosa langu, nanyi msinicheke mapema.

Kuwahesabu wazazi, yaani majike waliobeba mayai mdomoni, si kazi rahisi. Inabidi uvute wavu, umshike mmoja mmoja, umfungue mdomo polepole kwa kidole, utazame. Kazi hiyo ilikuwa ya Mama Kache, na mimi nilipaswa kusimama naye niandike. Lakini jua la Utange mnalijua. Nikajitungia njia ya mkato. Nilifikiri hivi: mama mwenye mayai hali, kwa hiyo asubuhi nikimwaga pumba na machicha, nikiona chakula kingi kimebaki kikielea, maana yake wazazi ni wengi. Kikibaki nusu, basi nusu ya majike wamebeba. Nikaacha kumsumbua Mama Kache na wavu. Nilikaa kivulini na penseli yangu nikihesabu wazazi kwa kutazama makombo, na nilijiona fundi.

Kilichonisukuma zaidi ni ahadi. Bwana Athmani alikuwa amesema kwamba shimo kubwa likizaa vizuri msimu ule, mbali na matatu yetu atasafisha mashimo mengine mawili ya zamani yaliyokuwa upande wa pili wa shamba, na mimi atanifanya msimamizi wa yote. Msimamizi! Nilikwisha kumwambia mama yangu, na mama yangu alikwisha kuwaambia Shika Adabu nzima.

Ili shimo lizae, nikaliongezea samadi. Samadi ni chakula cha maji. Unaijaza kwenye gunia, unalifunga pembeni mwa shimo, unalitikisa kila asubuhi, na maji yanaanza kugeuka kijani kwa vijimea vidogo visivyoonekana kimoja kimoja. Perege huvila. Desturi yetu ilikuwa gunia moja kwa wiki. Kipimo chetu kilikuwa sahani nyeupe ya bati iliyofungwa kamba: unaizamisha, na ikipotea machoni kwenye kina cha mkono mpaka kiwiko, maji yana chakula cha kutosha. Ikipotea mapema zaidi, unaondoa samadi. Mimi nikatia magunia matatu. Sahani ikawa inapotea kwenye kina cha kiganja, nami nikafurahi, kwa kuwa niliona kama moja ni nzuri basi tatu ni nzuri mara tatu.

Ilikuwa miezi ya joto kali, upepo umelala. Ukijani wa maji ukabadilika. Mwanzoni ulikuwa kama mchuzi wa mchicha. Kisha ukawa mzito, unaelea juu, unasukumwa pembeni na kuganda, na ukikauka kwenye mawe huacha madoa ya kijani yenye ubuluu kana kwamba mtu amemwaga rangi ya mlango. Sisi tuliuita hivyohivyo, rangi. Ulikuwa na harufu ya udongo uliooza. Ukichovya kijiti kikitoka na nyuzi nyuzi, huo ni mwani wa kawaida, uondoe kwa mkono usiwe na hofu. Kikitoka kimepakwa rangi, hapo shika adabu yako. Ukitaka hakika, jaza maji kwenye bilauri uyaache yatulie mpaka kesho yake. Ukijani mwema hutawanyika au hukaa chini, na ule mbaya hupanda juu ukajikusanya kama malai juu ya maziwa. Hayo yote alinionyesha Mama Kache baadaye. Wakati ule aliniambia jambo moja tu.

"Karani," alisema, "maji haya yamechafuka. Punguza samadi."

"Mama, kijani ni chakula. Ndivyo tulivyoambiwa."

"Hata mlango wa duka la Bwana Athmani ni wa kijani. Utaula?"

Nilikunja uso. Nilimwambia kila mtu afanye kazi yake.

Asubuhi zilizofuata chakula kilianza kubaki. Kilibaki robo, kikabaki nusu, siku moja kikabaki karibu chote. Enyi wenzangu, furaha niliyokuwa nayo! Niliandika kwenye daftari kwamba karibu majike wote wa shimo kubwa wamebeba mayai. Sikumfungua mdomo hata mmoja. Nilipanda baiskeli mpaka Kisauni kumpelekea Bwana Athmani habari njema, naye akaniagizia kahawa na kashata, akasema, "Mashallah. Wewe kijana una mkono mwema." Nilirudi nikiimba.

Ukweli ni kwamba samaki hawakuwa wamebeba kitu. Walikuwa wagonjwa. Ile rangi juu ya maji ina sumu. Siku hizi wataalamu wanazijua sumu hizo kwa majina, wanaeleza zinavyoliumiza ini la samaki na kumvurugia uzazi: dume haoni haja ya kuchimba kisahani, mayai ya jike hayakomai, na akitaga hutaga machache yanayogeuka meupe na kuota ukungu mdomoni mwake, akayatema. Hata yanayoanguliwa hutoa vifaranga wenye mgongo uliopinda, wanaozunguka mahali pamoja. Sisi hatukuwa na jina la hayo yote. Mama Kache alikuwa na kidole gumba tu, lakini kidole hicho kilimwambia kwamba matumbo ni matupu na si kwa sababu ya kutaga.

Aliona maneno yake hayaingii kichwani mwangu, akaamua kuyauliza maji yenyewe. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na dimbwi dogo la maji safi alilochotea maji ya kumwagilia mboga. Akachukua debe, akawahamishia humo majike wachache na madume wawili kutoka shimo kubwa, kwa safari tatu. Alitaka kujua jambo moja: wakitoka kwenye ile rangi, watazaa? Jamani, mimi nimewahi kukutana na watu waliosoma sana, wenye miwani na makoti meupe. Sijaona aliyewaza vizuri kuliko mama yule na debe lake.

Lakini Mzee Chengo alimwona.

Wiki zikapita, na Bwana Athmani akaja kuwatazama vifaranga wake. Alikuja asubuhi, kanzu nyeupe, bakora mkononi. Shimo lilikuwa kimya. Ukiwa na vifaranga wengi, pembezoni mwa maji huchemka kwa vidoa vyeusi vinavyokwenda pamoja. Hapakuwa na kidoa. Akaniomba daftari, akalisoma kwa sauti, akanigeukia.

"Wewe umeandika wazazi ni wengi hivi. Vifaranga wa hawa wote wako wapi?"

Mzee Chengo akasogea mbele, akakohoa.

"Bwana, mimi si mtu wa fitina. Lakini Mama Kache nimemwona kwa mato yangu haya, mara tatu, akitoka hapa na debe. Samaki wanapiga mikia ndani."

Bwana Athmani akamgeukia Mama Kache, aliyekuwa amesimama kando na wavu wake. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hilo ndilo lililotisha.

"Mama Kache, Chengo asema kweli?"

"Asema kweli, Bwana."

"Samaki wangu umewapeleka wapi? Na vifaranga umemuuzia nani?"

"Vifaranga hawakuwepo, Bwana. Wazazi hawakuwepo."

"Daftari linasema walikuwepo."

"Daftari mimi sijui kulisoma. Mwenyewe huyo hapo."

Wote wakanitazama. Vijana, nitawaambia bila kuficha, kwa maana sina tena cheo cha kulinda. Nilijua wakati uleule kwamba daftari ni la uongo. Nilijua sikufungua mdomo wa samaki hata mmoja. Nikafikiria usimamizi, nikamfikiria mama yangu na Shika Adabu nzima, nikasema, "Hesabu ni hiyohiyo, Bwana."

Bwana Athmani akafunga daftari. "Mama Kache, sikutaraji haya kwako, wallahi. Nakupa mpaka Ijumaa. Ukinambia ukweli, yatakwisha. Usiponambia, ng'oa nyumba yako unipishe kwenye ardhi yangu."

Ndiyo, ardhi ilikuwa yake. Nyumba ya makuti, mihogo, mboga, kaburi la mume wake, vyote vilikuwa juu ya ardhi ya Bwana Athmani kwa idhini ya mdomo tu, kama walivyokaa watu wengi upande ule. Neno la mwenye ardhi lilitosha kukuweka, na lilitosha kukutoa.

Nilitarajia Mama Kache anitukane. Aliosha mikono, akaniambia, "Karani, njoo kwangu mara moja." Nilimfuata. Akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye lile dimbwi, akaniambia nichutame nisitikisike.

Maji yalikuwa safi, mchanga wa chini unaonekana. Palikuwa na visahani viwili vilivyochimbwa vizuri, mviringo kabisa. Kando yake jike mmoja alikuwa amesimama, taya limevimba. Tukangoja. Baadaye akafungua mdomo, na vifaranga wakatoka kama pilipili manga inayomwagika, wakatanda mbele ya uso wake, wadogo, wepesi, migongo imenyooka. Mama Kache akapitisha kivuli cha mkono wake juu ya maji. Wale vifaranga wote wakageuka kwa pamoja wakaingia mdomoni mwa mama yao, naye akafunga. Sijaona jambo zuri kama lile maishani mwangu, na nimezaa watoto wangu mwenyewe.

"Hawa ni wa shimo kubwa," akasema. "Ni walewale wako. Walikaa hapa bila ile rangi, wakapona, wakazaa."

"Mama, kwa nini hukumwonyesha Bwana Athmani?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga bila kutaka kumkera. "Nimwonyeshe samaki wake nyuma ya nyumba yangu? Atasema nini? Daftari lako ndilo linaloniita mwizi. Wewe ndiwe wa kulifuta."

Hakuomba, wala hakulia. Alichukua kata akaenda kumwagilia mboga zake, mboga ambazo baada ya Ijumaa huenda asizile. Nilibaki pale nimechutama, na aibu niliyoipata siku ile sijawahi kuipata tena.

Ngoja niwaambie hapa namna tulivyolisafisha lile shimo, kabla sijasahau, maana najua kuna kati yenu mwenye maji ya namna hiyo hivi sasa. Kwanza ni kuondoa magunia yote ya samadi, na machicha kidogo sana. Usitie dawa ya kuua ile rangi kwa ghafla, kwa sababu ikifa kwa mara moja humwaga sumu yake yote majini. Asubuhi mapema, kabla ya jua kuchanganya maji, nenda upande ambao upepo umeisukuma, na mtu wa pili ashike upande mwingine wa kitambaa cha marekani, mkikokote juujuu kama mnatoa povu kwenye wali. Mliyoyatoa myafukie mbali, na mifugo isiyanywe. Mikono yangu iliwasha siku tatu, kwa hiyo jipakeni mafuta na msijikune macho. Kisha punguzeni maji ya zamani mtie mapya, kidogo kidogo kila siku. Samaki wa shimo hilo hatukumuuzia mtu mpaka maji yalipotakata na muda ukapita, na hata hapo Mama Kache alisimamia mwenyewe kutupwa kwa matumbo na maini. Ilituchukua miezi. Mwaka wa Uhuru, wiki ile ya bendera mpya, Bwana Athmani aliwakaribisha watu wa Utange wote wali wa nazi na perege wa shimo lilelile, na Mama Kache alikaa kwenye mkeka wa mbele, akikosoa namna samaki walivyokaangwa.

Lakini hapo tulipoachia, nilikuwa bado nimechutama kando ya dimbwi.

Siku ileile nilichukua daftari nikaenda Kisauni. Baiskeli nilikuwa nayo, lakini niliikokota, sijui kwa nini. Labda nilitaka njia iwe ndefu. Nilimkuta Bwana Athmani dukani, amekaa kwenye kiti chake kati ya magunia ya mchele.

"Shikamoo, Bwana Athmani."

"Marahaba. Una nini, mbona watoka jasho?"

"Bwana, daftari hili ni la uongo. Nimeliandika mimi. Sikuhesabu wazazi. Nilitazama chakula kilichobaki, nikaandika."

Nikamweleza yote: magunia matatu, rangi juu ya maji, onyo la Mama Kache, jibu langu kwake, dimbwi. Alisikiliza bila kunikatiza. Kuna mteja alikuja kutaka kunde, akamwashiria aondoke. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu.

"Na pale asubuhi, nilipokuuliza mbele yake, ulijua?"

"Nilijua, Bwana."

Akasimama, akachukua bakora. "Twende."

Tulirudi wote wawili, na tulipofika akamwita Mzee Chengo naye aje. Mama Kache alikuwa ndani ya shimo kubwa mpaka kiunoni, akivuta wavu peke yake, akiokota samaki waliokufa. Mtu aliyepewa notisi ya kuhama, yumo majini anafanya kazi. Bwana Athmani alipoona hivyo akashusha bakora yake.

"Mama Kache," akasema, "hebu nionyeshe."

Hakuuliza aonyeshe nini. Alishika jike mmoja, akamfungua mdomo kwa kidole. Mtupu. Wa pili, mtupu. Wa tatu alikuwa na mayai manne, meupe, yameota ukungu. Akamchukua aliyekufa asubuhi, akampasua pale pale kwenye jiwe, akautoa mfuko wa mayai uliosinyaa kama zabibu kavu. Kisha akatoka majini, akatutangulia mpaka nyuma ya nyumba yake, akapitisha kivuli cha mkono wake juu ya dimbwi, na vifaranga wakaingia mdomoni mwa mama yao.

Bwana Athmani alichutama na kanzu yake nyeupe kwenye tope. Alikaa hapo kwa muda mrefu, akamwambia apitishe mkono tena, naye akapitisha. Aliposimama kanzu ilikuwa haitazamiki.

"Mama Kache, nimekukosea mbele ya hawa watu. Mbele ya hawa hawa watu nakuomba radhi. Nyumba hii hutoki, si wewe wala wanao, na nitaliweka neno hilo kwa maandishi yenye shahidi, si kwa mdomo."

"Nimekusamehe, Bwana," akasema.

Mzee Chengo naye aliomba radhi, akasema yeye aliona debe tu. Mama Kache akamwambia aliona sawasawa. Kisha Bwana Athmani akaninyooshea bakora.

"Na huyu? Wewe ndiwe uliyeonewa, kwa hiyo wewe ndiwe utakayesema. Nimfukuze?"

Mama Kache alinitazama toka kichwani mpaka miguuni. Hakuwa na haraka. Mimi nilikwisha kukubali kufukuzwa.

"Bwana, ukimfukuza utaleta mwingine mwenye penseli, naye ataanza na magunia matatu. Huyu magunia yake ameshayamaliza."

Bwana Athmani alicheka mpaka akaegemea ukuta wa nyumba. Mimi sikuweza kucheka. Nililia mbele ya mwajiri wangu na mbele ya mlinzi, mtu mzima mwenye ndevu, wala sioni haya kuwaambia. Tangu niajiriwe sikuwa nimeingia majini hata siku moja. Nilipima kila kitu nikiwa ukingoni. Mama Kache aliningoja nimalize kujifuta, akaokota wavu wake, akanitupia ncha moja.

"Karani," akasema, "vua viatu."